Hodari wa kusema, dhaifu wa kusoma: tatizo la zamani ambalo walimu wa Congo wanalibeba peke yao

Kila mwisho wa mwaka wa masomo, katika mashule ya Bukavu, Uvira, Kalemie na Lubumbashi, wazazi wanakuja kupokea buleteni za watoto wao. Kati ya wale walioshindwa, mara nyingi yuko mmoja ambaye hata mwalimu hajui amweleze vipi. Mtoto huyu anajibu maswali ya mdomo kuliko wenzake wote. Anapiga hesabu ya chenji kichwani kwenye meza ya mama yake sokoni na hakosei. Anafungua redio iliyokufa na kuifanya iseme tena. Lakini akipewa kitabu asome, anakwama kwenye neno la tatu. Akiandika imla, daftari yake inajaa wino mwekundu.

Mwalimu anatafuta neno la kumwita na neno la karibu ni moja: mvivu. Nyumbani wanasema ana kichwa kigumu. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuanza kuuliza nani amemroga. Anarudia darasa, anarudia tena, na kabla ya kumaliza shule la msingi anaacha. Wavulana wengi wa namna hii wanaonekana baadaye kwenye machimbo ya dhahabu au juu ya pikipiki za watu. Wasichana wanabaki nyumbani.

Wataalamu wanasema mtoto huyu ana mambo mawili kwa wakati mmoja: kipaji, na ugumu wa kujifunza. Ugumu unaojulikana zaidi unaitwa disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika isiyotokana na upungufu wa akili, wala macho, wala kukosa shule. Mambo hayo mawili yanafichana. Akili inamsaidia mtoto kuficha udhaifu wake kwa miaka kadhaa, kwa kuwa anakariri yale aliyosikia na kubahatisha yaliyobaki. Udhaifu nao unaificha akili, kwa sababu shule inapima karibu kila kitu kwa maandishi. Mwisho wake mwalimu haoni kipaji na haoni ulemavu. Anaona mtoto wa kati, au mtoto asiyetaka kazi.

Historia ya jambo hili ina mafundisho kwa Congo. Inaonyesha kwamba walimu walianza kulitambua zamani sana. Kilichokosekana ni shule inayompa mwalimu nafasi ya kufanya kitu kwa kile alichokiona.

Mwalimu wa mwaka 1896

Mwaka 1877 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliandika juu ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma baada ya ubongo kuumia, huku macho na maneno yao yakibaki mazima. Aliuita ugonjwa huo upofu wa maneno. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, daktari wa macho Rudolf Berlin wa Stuttgart aliupa jina la disleksia. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na hali hiyo.

Tarehe 7/11/1896, gazeti la madaktari wa Uingereza lilichapisha makala fupi ya daktari W. Pringle Morgan, aliyefanya kazi katika mji mdogo wa Seaford. Ilihusu kijana wa miaka 14 aliyetajwa kwa jina la Percy F. Alikuwa mchangamfu, mwepisi katika michezo, na hakuna alipokuwa nyuma ya wenzake isipokuwa katika kusoma. Alikuwa amefundishwa tangu umri wa miaka 7, lakini hata jina lake mwenyewe aliliandika vibaya, akipindua herufi. Daktari alipomwandikia tarakimu 785852017, aliisoma haraka bila shida. Hesabu za aljebra alizifanya. Maneno mafupi ya kawaida ndiyo yaliyomshinda.

Katika makala hiyo kuna sentensi moja ambayo haikutoka kwa daktari. Mwalimu aliyemfundisha Percy kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyu angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Hapo, karibu miaka 130 iliyopita, tatizo lote lilikwisha kuelezwa. Mwalimu aliona akili, aliona udhaifu, na aliona kwamba udhaifu unategemea njia ambayo shule imechagua kupitishia elimu. Hakuwa na kipimo wala dawa. Alikuwa amemsikiliza mtoto mmoja kwa muda mrefu.

Daktari wa macho James Hinshelwood, wa Glasgow, alikusanya visa vingi vya namna hiyo na kuvitolea kitabu mwaka 1917. Shauri lake lilikuwa mtoto wa aina hii afundishwe peke yake, kidogo kidogo, kila siku, wala asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa zima.

Bruxelles upande mmoja, misheni upande mwingine

Huko Ubelgiji, daktari Ovide Decroly alifungua mwaka 1901, nyumbani kwake Bruxelles, taasisi ya watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimewakataa. Aliwafundisha kwa kuanzia vitu wanavyoviona na kuvigusa, kisha akarudi kwenye herufi. Aliona kwamba njia hiyo inafaa watoto wote, na mwaka 1907 akafungua shule ya watoto wa kawaida katika barabara ya Ermitage. Mjini Paris, Alfred Binet alikuwa ametoa mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, kipimo cha kwanza cha akili. Lengo lilikuwa kutambua watoto wanaohitaji msaada, ili wasihukumiwe kwa macho tu. Decroly alikuwa kati ya watu wa kwanza kukijaribu kipimo hicho nje ya Ufaransa.

Mwezi wa 11 mwaka 1908, Congo ikawa koloni la Ubelgiji hiyo hiyo. Lakini shule iliyofika Congo haikuwa ya Decroly. Msingi wake ulikuwa umewekwa na mkataba wa 26/5/1906 kati ya Kanisa Katoliki na utawala wa mfalme Léopold II: misheni zilipewa ardhi, nazo zikakubali kufungua shule zenye mafundisho ya kilimo na kazi za mikono chini ya uangalizi wa serikali. Shule hizo zilikuwa na kazi yake: katekisimu, kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na shamba. Mwalimu mwenyewe mara nyingi alikuwa katekista aliyesoma miaka michache. Alifundisha watoto wengi kwa pamoja, wakirudia kwa sauti na kunakili ubao.

Katika shule ya namna ile, mtoto hodari wa kusikiliza aliweza kung'aa kwa muda. Alishika katekisimu yote kwa moyo. Pale alipotakiwa kuandika, alibaki nyuma, na shamba lilikuwa karibu kumpokea.

Mlango uliozidi kuwa mwembamba

Mwaka 1948 utawala wa kikoloni ulipanga shule upya. Baada ya miaka ya kwanza ya msingi, watoto waligawanywa katika njia mbili. Wengi walikwenda kwenye njia ya kawaida, iliyowarudisha kwenye maisha ya kijijini. Wachache walikwenda kwenye njia ya waliochaguliwa, ambayo peke yake iliongoza kwenye sekondari. Uchaguzi huo ulifanyika mtoto akiwa bado mdogo, yaani wakati ule ule ambapo mtoto mwenye disleksia yuko katika hali mbaya kuliko wakati wowote wa maisha yake: bado anapigana na herufi, na hajapata njia yake ya kuzizunguka.

Congo ya miaka ya 1950 ilikuwa na watoto wengi sana katika shule la msingi, na wachache mno katika sekondari. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka 1954, na cha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1956. Mlango ulipokuwa mwembamba hivyo, hakuna aliyejiuliza kama kati ya waliobaki nje kulikuwa na hodari aliyezuiliwa na imla tu.

Jambo moja la miaka ile linastahili kukumbukwa. André Ombredane, profesa wa Bruxelles aliyekuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya watu waliopoteza lugha, alikuja Congo kufanya vipimo vya akili, kati ya wengine kwa Wasalampasu wa Kasai. Alitumia kipimo cha michoro kisicho na maneno. Badala ya kukipitisha mara moja na kuandika alama, yeye na wenzake walikirudia kwa watu wale wale. Alama zilipanda, na matokeo ya mara za baadaye yalionyesha uwezo wa mtu vizuri kuliko ya mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba siku moja ya mtihani inaweza kupima ugeni wa mtu mbele ya karatasi kuliko kupima akili yake. Fundisho hilo lilipatikana Congo, lakini halikuingia katika shule za Congo.

Kifaransa kinapofunika tatizo

Baada ya uhuru, mtaala wa mwaka 1962 uliweka Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu mwanzo. Miaka ya 1970 lugha za taifa, yaani Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, zilirudishwa katika madarasa ya chini, na sheria ya elimu ya 11/2/2014 inazikubali katika miaka ya kwanza ya msingi. Katika hali halisi, kila shule inafanya kwa namna yake. Wazazi wengi wa mjini wanataka mtoto aanze Kifaransa mapema.

Kwa mwalimu anayemtafuta mtoto mwenye disleksia, hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Mtoto wa Walungu au wa Fizi anapokwama kwenye sentensi ya Kifaransa, mwalimu hawezi kujua haraka kama amekwama kwa sababu hajui lugha, au kwa sababu herufi zinamshinda. Kifaransa chenyewe kina mtego wake: sauti moja ya « o » inaandikwa o, au, eau, na mwishoni mwa neno kuna herufi zisizosomwa. Kiswahili ni kinyume chake. Ba ni ba, popote ilipo.

Lakini Kiswahili nacho kina namna yake ya kuficha. Mwaka 1993 mtafiti Heinz Wimmer wa Salzburg alionyesha kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani, lugha ambayo maandishi yake yako karibu na sauti, hawafanyi makosa mengi. Wanasoma sawasawa, ila polepole mno. Katika Kiswahili, ambacho maandishi yake ni rahisi zaidi, mwalimu anapaswa kutazama mwendo wa kusoma. Mtoto mwenye akili anayesoma Kiswahili sahihi, huku akitumia dakika nzima kwa mstari mmoja, anaweza kuwa na shida ile ile ya Percy.

Ulimwengu ulivyotenganisha mambo mawili

Hata mahali penye pesa, walimu hawakusaidiwa haraka. Marekani, daktari Samuel Orton alikutana katika jimbo la Iowa na watoto waliotumwa kwake kama wajinga, akaona kwamba baadhi yao wana akili ya kawaida au zaidi. Aliandika habari hizo mwaka 1925. Mwalimu Anna Gillingham, aliyefanya kazi naye, alitengeneza pamoja na Bessie Stillman njia ya kufundisha herufi kwa macho, sikio na mkono kwa pamoja. Neno la jumla, ulemavu wa kujifunza, lilienea baada ya Samuel Kirk kulitumia mbele ya wazazi mjini Chicago mwaka 1963.

Kisha serikali ya Marekani ikatengeneza njia mbili. Ripoti ya mwaka 1972 ilizungumza juu ya watoto wenye vipaji. Sheria ya mwaka 1975 ikawapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma. Ofisi zilikuwa mbalimbali, walimu mbalimbali, madarasa mbalimbali. Mtoto mwenye yote mawili alianguka katikati: darasa la vipaji lilimkataa kwa kuwa hajui kuandika, na darasa la msaada lilimpa kazi za chini ya akili yake mpaka akachoka. Mwaka 1977 June Maker alitoa kitabu juu ya watoto wenye vipaji na ulemavu, wakati ambapo vitabu juu yao vilihesabika. Kwa hiyo hata huko, mtoto huyu amejulikana rasmi kwa muda mfupi.

Darasa la leo

Congo ya leo ina sheria nzuri. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure. Mwaka 2015 nchi iliingia katika mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3/5/2022 ilitoka sheria ya kulinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Lakini mtu akitaja ulemavu shuleni, wengi wanafikiria kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe au lugha ya alama. Ulemavu usioonekana haumo katika mawazo ya watu.

Elimu ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, serikali ilitaja watoto zaidi ya milioni 4 waliorudi au kuingia shuleni. Ilikuwa furaha kubwa kwa wazazi, na mzigo mkubwa kwa mwalimu. Mwenye watoto 80 katika chumba kimoja, watatu au wanne kwenye benchi moja, hana dakika za kumsikiliza mmoja jinsi mwalimu wa Percy alivyoweza. Walimu wengine, wale wanaoitwa NU, majina yao hayajaingia kwenye listi ya mishahara ya serikali. Wanafundisha asubuhi na kutafuta maisha jioni. Kumwambia mwalimu kama huyo abaki nusu saa na mtoto mmoja ni kumwomba atoe asichopewa.

Kuna pia suala la mafunzo. Walimu wengi wa msingi wametoka katika sekondari ya ualimu na diploma ya serikali. Wamefundishwa kutayarisha somo, kutunza jurnali ya darasa na kujibu maswali ya enspekta. Kumtambua mtoto mwenye akili asiyeweza kusoma si jambo ambalo enspekta anakuja kuliuliza.

Halafu kuna mitihani. Mwishoni mwa msingi kuna mtihani wa taifa, TENAFEP ya zamani, leo ENAFEP. Mwishoni mwa sekondari kuna mtihani wa serikali ulioanza mwaka 1967, wenye insha ya Kifaransa na siku kadhaa za maswali ya kuchagua jibu. Mtu anaweza kudhani maswali ya kuchagua yanamsaidia asiyejua kuandika. Lakini kila swali lina majibu kadhaa ya kusoma, na saa inakimbia. Anayejua jibu na anayesoma polepole anaacha nusu ya karatasi tupu. Mwalimu aliyemtetea mwaka mzima hana la kufanya siku hiyo.

Yale yasiyohitaji pesa nyingi

Historia hii inaacha mambo machache ambayo hata shule ya mbao na mabati inaweza kuyafanya. La kwanza ni kuondoa sababu nyingine: je, mtoto anaona ubao? Anasikia vizuri? Alikosa shule kwa sababu ya vita au kuhama? La pili ni kumsomesha katika lugha anayoijua. Akikwama hata katika Kiswahili cha nyumbani, tatizo si Kifaransa peke yake. La tatu ni kumuuliza kwa mdomo yale yale aliyoshindwa kuandika. Tofauti kubwa kati ya majibu hayo mawili ni alama ambayo mwalimu hapaswi kuipuuza.

Baada ya hapo, njia ya Gillingham haihitaji umeme. Herufi moja inaandikwa kwa kidole juu ya mchanga, mtoto akitamka sauti yake, siku baada ya siku. Mwalimu anaweza kusoma swali la hesabu kwa sauti kwa darasa zima, jambo ambalo halimdhuru yeyote. Katika historia au sayansi anaweza kupima mawazo kwa upande wake na makosa ya herufi kwa upande wake. Na kipaji kisisubiri mpaka kusoma kupone: anayejua hesabu apewe hesabu ngumu, anayejua kueleza aeleze wenzake. Mtoto anayepewa tu lile linalomshinda, mchana kutwa, atajifunza jambo moja, kwamba hafai.

Kuna pia nafasi ya maneno kwenye buleteni. Badala ya mvivu, mwalimu anaweza kuandika kwamba mtoto anaelewa kwa mdomo na anashindwa kwa maandishi. Maneno hayo machache yanamfuata mtoto kwa mwalimu wa mwaka ujao, na yanamzuia mzazi kuchukua fimbo.

Yaliyobaki hayako mikononi mwa mwalimu. Muda wa nyongeza katika mtihani wa taifa, msomaji wa maswali kwa mtoto anayejulikana kuwa na shida hii, na somo moja juu ya ugumu wa kujifunza katika sekondari za ualimu na katika vyuo vya ISP ni kazi ya wizara na maenspekta. Sheria ya 2022 inawapa msingi wa kuanzia. Mpaka watakapoutumia, kila Juni mtoto anayejua jibu ataendelea kukaa mbele ya karatasi asiyoweza kuimaliza, na Congo itaendelea kumhesabu kati ya walioshindwa.